Kandambili ya Kulia

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa nimesimama kwa mguu mmoja katikati ya sebule. Mnisamehe. Nafasi ya gazeti iliisha, nami mguu ukabaki juu wiki nzima. Wengine mmeniuliza sokoni kama niliuteremsha.

Niliuteremsha. Lakini kwa masharti.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza, kisa ni hiki. Mume wangu Mehul Vaghasiya alikuwa mpigaji wa timu ya kriketi ya Saurashtra. Kisha hakuwa. Misimu miwili wateuzi walimsahau, akawa anauza pampu za maji dukani kwa mjomba wake hapa Rajkot, akiwaonyesha wateja namna ya kupiga mpira kwa kipande cha bomba la plastiki. Halafu, kwenye robo fainali ya Kombe la Ranji, mwenzao mmoja akaharisha hadi nguvu za miguu zikamwisha, na simu ikaja. Mehul akaondoka na mkate wake wa uwele mkononi.

Mechi hizi huchezwa siku tano. Zikiisha bila mshindi, anayesonga mbele ni yule aliyeongoza kwa mbio kwenye awamu ya kwanza. Na sisi tulikuwa tumewapita wale mabwana wa jiji kubwa kwa mbio chache tu. Kwa hiyo siku ya tano hatukuhitaji kushinda. Tulihitaji kukaa. Wapigaji wetu wasitolewe wote kabla ya jioni, basi.

Kukaa tu! Na timu asubuhi hiyo ilikuwa inadondoka kama nguo zilizoanikwa bila vibanio.

Mehul akaingia. Mpira wa kwanza ukapita kati ya gongo na paja lake, sebuleni tukashika vichwa. Wa pili ukamkuta anaangalia na mimi navaa kandambili niende kuanua nguo. Ya kulia nimeshavaa. Ya kushoto bado, mguu uko hewani. Mehul akaupiga mpira hadi kwenye kamba ya uwanja. Mbio nne!

"Jalpa!" Ba akapiga kelele. "Usithubutu kugusa chini huo mguu!"

Ba ni mama mkwe wangu. Jina lake ni Kanchan, lakini nyumbani humwiti hivyo isipokuwa uwe mume wake na uwe na shida.

Hapo ndipo tulipoachia.

Nyumba yoyote yenye mchezaji inaijua sheria. Mtu wenu akianza kupiga vizuri, mlivyo ndivyo mnavyobaki. Aliyelala asiamke. Aliyekuwa anajikuna aendelee. Mkitikisika anatolewa, na atakayelaumiwa si mrushaji wa mpira, ni wewe.

"Ba, siwezi kusimama kwa mguu mmoja mpaka jioni."

"Korongo anaweza."

"Korongo hanyonyeshi."

Ba akafikiri. Si mkatili, ni mshabiki. "Haya, teremsha. Lakini mguu uwe mtupu! Hiyo ya kushoto isivaliwe."

Yeye mwenyewe alikuwa kwenye bembea, lile la mbao linaloning'inia sebuleni kwa minyororo. Lilikuwa linakwenda wakati wa ile nne, kwa hiyo lisingeweza kusimama. Akawa anasukuma kwa kidole gumba cha mguu, kwenda na kurudi, kama mtu anayeendesha cherehani. Mapajani pake binti yangu Dhyani, wa mwaka mmoja, alikuwa amelala fofofo. Yeye pekee ndiye aliyefaidi sheria siku hiyo.

Mlangoni alikuwa amenaswa jirani yetu Ramilaben na bakuli lake. Alikuja kuomba kijiko cha mtindi wa kugandishia maziwa. Mguu mmoja ndani, mmoja nje.

"Ba, mwanao akipiga mpaka jioni mimi nitaota mizizi hapa," akasema.

"Ota. Nitakumwagilia."

Na Bapuji, baba mkwe, alikuwa bafuni.

"Kanchan!" sauti ikatoka huko. "Nimemaliza! Nipe taulo!"

"Hakuna kutoka, Baba Mehul!"

"Nina sabuni masikioni!"

"Ndiyo maana anapiga vizuri!"

"Kanchan, mimi ni mume wako au ni bomba?"

"Leo wewe ni bomba. Tulia ukutani."

Ramilaben alicheka hadi bakuli likagonga fremu ya mlango. Kwenye televisheni mpira ukampiga Mehul gotini. Ba akamtazama Ramilaben kwa jicho ambalo lingegandisha maziwa bila mtindi.

Mimi sikucheka. Saa nane mchana nilikuwa na mtihani.

Mnaonifuata tangu mwanzo mnaujua huo mtihani. Ni wa kumaliza darasa la kumi na mbili, ule wa sisi tunaosoma jioni vitoto vikilala. Mara ya kwanza ulinikuta nimepakwa manjano ya harusi. Mara ya pili ulinikuta kitandani hospitali, Dhyani akiamua kuzaliwa siku ya somo la Uchumi. Hii ilikuwa mara ya tatu, na somo lilikuwa lilelile la Uchumi, ndilo pekee lililobaki. Chekechea ya mtaa wa pili walikuwa wameniahidi kazi, cheti kikiwepo. Mwalimu Jalpa. Nilishalijaribu jina hilo mbele ya kioo.

Alfajiri, kabla simu za wachezaji hazijakusanywa na kufungiwa, Mehul alinipigia.

"Usije ukaacha kwenda," alisema. "Leo mimi na wewe kazi yetu ni moja. Kukaa mpaka muda uishe."

Sasa jaribu kumwambia hivyo Ba.

"Ba, nikitaka kuwahi, niondoke saa saba na nusu."

"Uondoke uende wapi?"

"Mtihani."

"Mtihani upo kila mwaka."

"Ba, mwaka juzi ulisema hivyo. Na mwaka jana."

"Na nilikosea? Si umekuja tena?" Akasukuma bembea. "Robo fainali ndiyo haiji kila mwaka. Na wewe usinikumbushe habari za kitunguu saumu."

Kitunguu saumu, kwa wasiojua, ndicho kilichomtoa Mehul kwenye timu. Misimu miwili iliyopita alikuwa amebakiza mbio moja tu afike hamsini, mimi nikainuka kwenda kumenya kitunguu saumu, akatolewa. Wateuzi walisema ana udhaifu kwa mipira inayozunguka. Ba alisema ana mke.

Nikabaki nilivyo. Kandambili kulia, utupu kushoto.

Mpira uliposimama kwa chakula cha mchana, sheria nayo ikasimama. Mapumziko ni ruhusa. Ramilaben alikimbilia kwake, akakuta wote wamelala na njaa yao. Bapuji alitoka bafuni vidole vimekunjamana kama zabibu kavu, akala mkate na maziwa ya mgando akiwa amejifunga taulo, bila kusema neno na mtu. Mimi nilimnyonyesha Dhyani, nikabadilisha gauni, nikaweka kalamu mbili kifuani.

Kisha kila mtu akarudi alipokuwa. Hata Bapuji. Alijifungia mwenyewe.

"Sifanyi hivi kwa ajili yako, Kanchan," akasema kupitia mlango. "Ni kwa ajili ya mtoto."

"Weka na ile sabuni masikioni."

Baada ya chakula Mehul alikuwa mwamba. Tatizo ni wenzake. Kila nikitazama, mmoja anarudi bandani akitazama gongo lake kana kwamba limemdanganya. Kila anayetolewa, Ba anamwongezea Mama Khodiyar, mungu wetu wa kike, nazi nyingine ya nadhiri. Saa saba na nusu ikapita nikiwa nimesimama palepale. Nilifungua mdomo mara kadhaa. Kila nikifungua, Mehul anapiga mpira vizuri, nao unabaki wazi hivyohivyo.

Saa nane ikafika. Shuleni walikuwa wanagawa karatasi.

Wakati wa mapumziko ya chai, saa nane na dakika kumi, tulikuwa tumebakiwa na jozi ya mwisho. Mehul, na mrushaji wetu mrefu Vajesing, ambaye hushika gongo kama mtu anayefukuza mbwa jikoni. Akitolewa mmoja wao, yamekwisha. Mehul arudi kuuza pampu.

Na lango la shule hufungwa saa nane na nusu. Ukichelewa hapo, tuonane mwakani.

"Ba," nikasema, "naenda."

"Nenda. Mpira ukianza uwe hapa."

"Sirudi, Ba. Naenda kufanya mtihani."

Bembea likasimama. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi nilisikia saa ya ukutani.

"Jalpa. Imebaki jozi moja."

"Na mimi limebaki somo moja. Mehul mwenyewe ameniambia."

"Mehul anajua nini? Mehul yupo uwanjani! Kazi yote tunaifanya sisi!"

Bapuji akatoa kichwa bafuni. "Kanchan, mbona kwenye kriketi kuna mchezaji wa akiba? Mtu akiumia, mwingine anasimama badala yake. Mwache mtoto aende, awekwe mtu."

"Awekwe nani?" Ba akauliza. "Wewe ni wa bafuni. Ramila ni wa mlangoni. Mimi nisipobembea nani atabembea?"

"Na mchezaji wa akiba," Ramilaben akachomekea, "anaruhusiwa kudaka tu. Kupiga haruhusiwi."

"Kwani Jalpa anapiga? Jalpa amesimama tu!"

"Kusimama ndiko kupiga kwenyewe leo, Bapuji," Ramilaben akajibu. "Hujaona Mehul anafanya nini?"

Wakaanza kubishana vifungu vya sheria kama mawakili, na dakika zangu zinakatika. Nikainama, nikavua kandambili ya kulia, nikaiweka palepale kwenye kigae nilichokuwa nimesimama, ncha ikielekea televisheni.

"Huyo hapo wa akiba," nikasema.

Wote watatu wakaitazama. Ba akainamisha kichwa huku, akakiinamisha kule.

"Kidogo kushoto," akasema.

Nikaisogeza.

"Hapo. Nenda, kabla sijabadili mawazo."

Nikambusu Dhyani kwenye utosi. Alinukia maziwa na usingizi. Viatu vyangu vingine vilikuwa kabatini, na ufunguo wa kabati uko kiunoni mwa Ba, na ile "kabla sijabadili mawazo" niliichukulia kwa uzito wake. Nikachomeka mguu kwenye kandambili ya kushoto, wa kulia ukaenda hivyohivyo, nikapita chini ya mkono wa Ramilaben, nikatoka mbio.

Rajkot mchana hulala, mnajua wenyewe. Maduka yote milango chini mpaka saa kumi, hata ng'ombe wamejilaza. Pembeni mwa barabara palikuwa na bajaji moja tu, dereva amejinyoosha kiti cha mbele, mguu wa kushoto ameutoa nje, simu iko kifuani inatangaza mechi.

"Kaka, nipeleke shule ya sekondari ya barabara kubwa, haraka!"

"Tafuta mwingine, dada. Huu mguu uko hivi tangu mtoto wa Vaghasiya afike thelathini."

"Lakini sasa ni mapumziko ya chai! Inaruhusiwa!"

"Mapumziko ni ya wachezaji," akajibu bila kufungua macho. "Mimi sijachoka."

Kumbe sheria hii ina madhehebu.

"Kaka, mimi ni mke wake."

"Mke wa nani?"

"Wa huyo Vaghasiya."

Akafumbua macho. Akanitazama kutoka juu hadi chini, akaishia kwenye mguu mtupu. Nilidhani atanionea huruma.

"Basi unafanya nini barabarani?" akafoka. "Rudi ndani ukakae!"

"Nitakaa! Nitakaa kwenye mtihani! Yeye mwenyewe kanituma!"

Dereva akapiga hesabu, midomo ikichezacheza. "Mpira ukianza unatakiwa uwe umetulia. Iwe nyumbani, iwe shule, sawa. Lakini usiwe njiani. Mke wa mpigaji akiwa njiani, mpigaji naye atakuwa njiani. Ingia!"

Tukaruka. Aliendesha mguu bado uko nje, unapepea kama bendera. Tulikata kona mbili kwa gurudumu na nusu. Nikaanza kuamini kwamba Mungu ana binti anayesoma jioni.

Kisha simu ikasema wachezaji wanarudi uwanjani. Bajaji ikasimama katikati ya barabara.

"Kaka! Pale ndiyo shule! Naiona!"

"Na mimi naiona. Lakini mpira umeanza. Sisogei."

Nikashuka, nikakimbia. Lami ya saa nane na nusu mchana kwa mguu mtupu, sikutakii, msomaji. Nilikuwa nakanyaga kandambili, moto, kandambili, moto. Nyuma yangu dereva alipaza sauti: "Usikimbie! Utamfanya akimbie! Mwambie akae!"

Muda ulikuwa umepita. Nilijua. Lakini lango lilikuwa wazi.

Mlinzi, mzee mwenye masharubu, alikuwa ameliegemea kwa mgongo, mikono kifuani, waya wa redio sikioni. Hakugeuka. Alizungumza kwa upande wa mdomo.

"Saa ya kufunga na saa ya mpira kuanza imekuwa moja, binti. Wameanza nikiwa hivi. Nikisogea kufunga, yule kijana atatolewa."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo pita. Polepole. Usiniguse. Unamjua huyo Vaghasiya?"

"Simjui hata kidogo," nikasema, nikapita kwa ncha za vidole.

Sheria ileile iliyonifunga tangu asubuhi ndiyo iliyonifungulia lango. Nilitaka kulia, nilitaka kucheka, nikafanya kazi ya tatu, kupanda ngazi.

Mwalimu Pandya, msimamizi, mwanamke mwembamba mwenye miwani ya kamba, alitazama saa, akatazama mguu wangu.

"Lango lilikuwa wazi?"

"Lilikuwa wazi, mwalimu."

"Basi hujachelewa. Kaa. Na usisahau, anayetoka humu harudi."

Nikakaa. Nikageuza karatasi. Swali la kwanza: *Eleza maana ya mgawanyo wa kazi, ukitoa mifano.*

Mifano ninayo.

Niliandika kama mtu aliyefunguliwa kamba. Niliandika kuhusu kiwanda cha pampu, kuhusu nani anakata chuma na nani anafunga skrubu. Bembea na bafu nikaviacha, ingawa mkono ulivitaka. Kwa mara ya kwanza katika mara tatu kalamu yangu ilikuwa kwenye karatasi na hakuna aliyeniozesha wala aliyezaliwa. Swali la pili likaisha. La tatu nikalipenda hadi nikatabasamu nalo.

Dirisha lilikuwa limefungwa kwa sababu ya vumbi, lakini lango niliweza kuliona chini, na mgongo wa mlinzi. Kila nilipomaliza aya nilikuwa nauchungulia. Mgongo upo, Mehul yupo. Nikaandika tena. Mgongo upo. Nikaandika. Huko alikokuwa, mume wangu anakaa, na mimi hapa nakaa, na hatukuwahi kuwa karibu hivyo tangu tuoane.

Nilikuwa katikati ya swali la nne niliposikia chuma kikiburuzwa juu ya saruji. Kisha: *ngaa!*

Lango lilikuwa limefungwa.

Nikatazama. Mgongo haupo. Mlinzi alikuwa anatembea. Alikuwa ameng'oa waya sikioni, ameushika mkononi, na kichwa amekiinamisha. Mechi, bila mtu kutolewa, isingeisha kabla ya saa kumi na nusu, na saa ya ukutani mle darasani haikuwa imefika hata kumi.

Amesogea. Mtu asingesogea bure.

Sikutaka kuamini. Huenda kaenda haja, nikajiambia. Hata wenye masharubu huenda haja. Nikashika kalamu, nikaandika neno moja, nikalikata.

Ndipo bajaji iliposimama nje ya lango. Ileile. Safari hii dereva alikuwa na miguu yote miwili ndani.

Akashuka Ba.

Ba, aliyesema hatashuka kwenye bembea hata nyumba ikiungua. Bila kitambaa kichwani. Mkono mmoja ameshika kandambili yangu ya kulia. Mkono wa pili amembeba Dhyani, kichwa cha mtoto kimelala begani, uso umeelekea upande nisiouona.

Akaanza kugonga lango kwa kandambili.

Mlinzi akamwonyesha saa. Ba akamwonyesha mtoto. Mlinzi akatikisa kichwa. Ba akainua uso kuelekea madirisha yetu, akitafuta, mdomo unakwenda, kioo kikinizuia kusikia. Na uso wa Ba, nimeishi nao miaka miwili, akilia na akicheka ni uleule.

"Bibi," Mwalimu Pandya akasema nyuma yangu, taratibu, "macho kwenye karatasi. Au toka."

Kukaa mpaka muda uishe, alisema Mehul.

Nikayarudisha macho kwenye karatasi. Swali la nne lilikuwa palepale, nusu. Nikaibana kalamu kwa vidole vyote, nikaubana na ukingo wa meza kwa mkono wa pili.

Chini ya meza, mguu wangu wa kulia, ule mtupu, ulikuwa umeshaanza kuinuka.